Wosia kwa mwenzi wa jinsia moja: nyumba Leeds, ploti Thika

Habari zenu huko nyumbani. Video hii ni yenu mlio na mwenzi wa jinsia moja na mna mali Kenya, Uingereza au kote kuwili.

Kenya haitambui ndoa yenu. Ukifa bila wosia, ploti inakwenda kwa watoto, wazazi au ndugu. Mwenzi wako hayumo, hata mkiwa mmekaa miaka 20. Lakini Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kumwachia mali yeyote amtakaye. Kwa hiyo andikeni, jamani! Si lazima uandike "mpenzi wangu". Weka jina lake kamili na namba ya kitambulisho, kisha namba ya hatimiliki. "Nyumba yangu ya Thika" ni kuwaachia watu ugomvi.

Mashahidi ni 2. Kenya wanaweza kukuona kwa nyakati tofauti, ila Uingereza lazima wote wawili wawepo unapotia saini, ndipo nao watie mbele yako. Fuata utaratibu huo wa Uingereza, unatosha pande zote. Mwenzi wako asiwe shahidi kabisa, atapoteza alichoachiwa. Na mkifunga ndoa Uingereza baada ya kuandika, wosia wa awali kwa kawaida hufutika, andika mwingine.

Balaa kubwa ni sentensi moja: "Nafuta wosia zangu zote za awali." Una wosia wa Kenya, unaandika wa Uingereza wenye maneno hayo, basi ule wa Thika umekufa. Sema: "Nafuta wosia za awali zinazohusu mali iliyo Uingereza pekee."

Familia nayo inaweza kupinga. Watoto wako, au mama uliyekuwa ukimtunza, wanaweza kuomba fungu mahakamani Kenya kwa kifungu cha 26 cha Sheria ya Urithi. Mama mwachie kitu cha maana na ueleze sababu. Pata barua ya daktari wiki hiyohiyo ya kutia saini, kuthibitisha una akili timamu, na mwenzi wako asiwepo chumbani unapotia saini, wasije wakadai alikushinikiza.

Waislamu wa Kenya, kwenu wosia hauvuki theluthi moja. Zungumzeni na wakili kuhusu hiba mkiwa hai.

Karatasi zikishabanwa pini, usizichomoe kupiga nakala: matundu ya pini huzua maswali kama kuna ukurasa uliobadilishwa. Asilia ikae kwa wakili, na msimamizi wa wosia ajue ni wakili gani.