Mpinzani wa Mwimbaji Mkongwe ni Sauti Yake ya Ujanani

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wanafunzi wa habari, na nyinyi wasanii mliojipanga kule nyuma, ahsanteni kwa kuja na mvua hii.

Nitaanza na fleshi. Miaka kama kumi na miwili iliyopita nilikuwa mpangaji wa nyimbo katika kituo kimoja cha redio hapa Mjini Unguja, kituo ambacho sitakitaja. Adhuhuri moja nikaitwa mapokezi, nina mgeni. Nikashuka, nikamkuta mama mmoja wa makamo ya uzee, kavaa buibui, mkoba kaupakata. Nilimjua kabla hajanyanyua uso. Kwetu Jang'ombe tulipokuwa wadogo, harusi haikuwa harusi mpaka zipigwe nyimbo zake. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu," akatoa fleshi iliyofungwa ndani ya karatasi ya daftari. Akasema ametoa wimbo mpya, studio kailipia mwenyewe, na anachoomba ni usikilizwe tu.

Nikausikiliza. Ulikuwa mzuri. Sikuupiga hata siku moja.

Na jioni ya siku ile ile, kipindi cha zilipendwa kilirusha wimbo wake wa zamani. Simu ya studio haikunyamaza. Watu wanatuma salamu, wanashukuru, na wawili watatu wanauliza kama bado yu hai.

Nimelibeba jambo lile mpaka leo, na ndilo lililonileta mbele yenu. Tumezoea kusema kwamba redio humtupa msanii anapozeeka. Mimi niliyekuwa ndani nasema mambo yanakwenda kwa njia nyengine, mbaya zaidi. Redio humtia kabatini, ikafunga mlango, kisha ikawa inamtoa mara moja kwa wiki kumwonyesha watu jinsi alivyokuwa. Litazameni lenyewe neno tunalolitumia: zilipendwa. Hiyo *li* ya katikati ndiyo hukumu. Mwimbaji yu hai, anatunga, anakwenda sokoni kununua mchicha, na sisi tumekwisha kumweka katika wakati uliopita. Mpinzani wake mkubwa hewani si kijana wa bongo fleva. Ni yeye mwenyewe alipokuwa na miaka ishirini na mitano.

Sasa kwa nini? Tuanze na biashara, maana humo ndimo mlimo na mizizi.

Nendeni mnadani alfajiri, samaki wanaposhushwa. Redio inayoishi kwa matangazo haiuzi nyimbo. Wimbo ni chambo. Samaki ni msikilizaji, na mnunuzi anayesimama pale na pesa mkononi ni mwenye tangazo. Na mwenye tangazo ana samaki wake anayemtaka. Anamtaka kijana ambaye bado hajaamua atatumia laini gani ya simu, sabuni gani, atafungua akaunti benki gani. Mtu wa miaka hamsini na tano, hata akiwa na pesa zaidi, wanamhesabu kuwa ameshaamua. Huenda wamekosea. Mama zetu ndio wanaonunua vitu vya nyumba nzima, na hilo kila mwenye duka Darajani analijua. Lakini ndivyo mezani wanavyopanga bei, na mpangaji wa nyimbo hula kutokana na meza ile.

Hata hivyo msidhani ni matangazo peke yake. BBC Radio 1 ya Uingereza haiuzi tangazo hata moja, inaendeshwa kwa ada ya wananchi, na bado imefanya haya haya. Redio ile imepewa kazi ya kuhudumia vijana, hasa wa miaka 15 hadi 29. Fikirini maana yake. Msikilizaji anazeeka kila mwaka, kituo hakitakiwi kuzeeka. Kwa hiyo kila baada ya muda lazima kibanduke kutoka kwa watu waliokipenda, na kinapobanduka hakiwezi kuwachukua waimbaji wao.

Mwaka 1996 bendi ya Status Quo, watu wazima waliokuwa na nyimbo nyingi zilizopanda chati, waliipeleka BBC mahakamani kwa sababu Radio 1 ilikataa kuutia wimbo wao mpya katika orodha. Wakashindwa. Miaka miwili baadaye Cliff Richard, mwimbaji aliyekuwapo tangu miaka ya hamsini, alifanya jambo ambalo kila nikilisoma huniuma. Wimbo wake ulipelekwa kwenye vituo bila jina lake, ukaandikwa Blacknight. Ukapigwa. Watu waliouruka uso wake waliipokea sauti yake. Na mwaka 1999 akatoa wimbo ambao redio nyingi ziliukwepa, ukakaa namba moja Uingereza wiki tatu. Kisha 2015 ikafika zamu ya Madonna, akiwa na miaka 56: wimbo wake mpya haukuingia katika orodha ya Radio 1. Yeye akasema anabaguliwa kwa umri. Wao wakajibu kwamba umri haumo, wanatazama wimbo na wasikilizaji wao.

Mimi naamini pande zote mbili zilisema kweli. Hakuna mtu pale aliyeandika "huyu mzee, mtoeni." Hata mimi sikuandika. Kazi ile hufanywa na mtambo wenyewe.

Na mtambo ule una kifaa kimoja ningependa wanafunzi mkielewe vizuri. Katika redio kubwa za Marekani na Ulaya, nyimbo hupimwa kwa kumsikilizisha mtu kipande cha sekunde chache, kile kinachoshika masikio, kisha anaulizwa: unaujua? unaupenda? umeuchoka? Sekunde chache! Wimbo wa zamani wa nyota hushinda mtihani huu bila jasho, kwa sababu kipande kile kimebeba harusi ya mtu, mchumba wake wa kwanza, sauti ya marehemu mama yake akiuimba jikoni. Wimbo mpya wa nyota yule yule unaingia mikono mitupu. Kijana asiyejulikana naye anaingia mikono mitupu, lakini kwake kuna hamu ya kugundua kitu kipya. Kwa mkongwe hamu hiyo haipo, tunadhani tumeshamjua. Basi nafasi ya wimbo mpya anapewa kijana, nafasi ya mkongwe inapewa kumbukumbu yake. Mpangaji akitazama karatasi yake mwisho wa siku anaona jina la mkongwe limo, analala usingizi.

Kwetu hatuna vipimo vya namna hiyo. Tuna ujumbe wa simu na tuna sikio la mtangazaji, na mtangazaji siku hizi ana miaka ishirini na mbili, mshahara mdogo, mwakani hayupo. Simlaumu. Nani amemkalisha akamwambia nani ni nani? Zamani kijana aliingia studio akamkuta mzee anayejua kila utepe uliomo kabatini, nani alipiga fidla na nani alipiga ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarab. Wazee wale wamestaafu na wengine tumewazika. Mwimbaji mkongwe akifika na wimbo wake, mlangoni anakutana na mtu anayemwambia aandike jina kwa herufi kubwa.

Iko tofauti nyengine inayotuhusu sisi wa visiwani. Uingereza, msanii akitolewa Radio 1 anahamia Radio 2, inayowalenga watu wazima, na kule nyimbo zake mpya hupigwa. Amehamishwa chumba, bado yumo nyumbani. Marekani nako vipo vituo vingi vya watu wazima. Sisi sensa ya 2022 ilituhesabu karibu watu milioni 1.9, Unguja na Pemba pamoja. Soko letu la matangazo ni dogo, kila kituo kinamkimbilia kijana yule yule mmoja. Akitolewa sebuleni, nje ni mvua.

Na hili linashangaza zaidi kwa sababu muziki wetu wenyewe haukufundisha hivyo. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alipokwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928 alikuwa mwanamke mtu mzima, aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu. Alifariki 1950, na redio yetu, Sauti ya Unguja, ikaanza mwaka uliofuata. Jina lake lilikwishavuka bahari bila redio ya nyumbani. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanza 1905, kimepokezana vizazi: kijana anakaa nyuma ya mzee miaka, anashika ganuni mzee anapochoka. Katika taarab kukomaa kwa sauti ni sehemu ya mali. Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, Mungu amrehemu, dunia ilimjua akiwa ajuza. Tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, aliipokea 2005, na mpaka anakaribia kufariki Aprili 2013 alikuwa akipanda jukwaani, watazamaji wa Ngome Kongwe wakimsimamia. Hakuna aliyenunua tiketi kuja kumwona Bi Kidude wa zamani. Walikuja kumsikia yule yule aliyesimama mbele yao, na mikwaruzo ya koo lake.

Lakini tuseme kweli yote. Hata kwa Bi Kidude, aliyembeba ni jukwaa, matamasha na wageni. Redio zetu zilimfuata baadaye. Na kwa kila Bi Kidude mmoja kuna wanawake wengi walioambiwa nyamaza. Mwanamme akiimba mapenzi na mvi zake anaitwa mkongwe, ustadh wa fani. Mwanamke wa umri ule ule anaulizwa: bi mkubwa, mpaka leo? Wajukuu hawajakuona? Maneno haya nimeyasikia ndani ya studio, mikrofoni ikiwa imezimwa, na mimi nikiwa kwenye kiti. Msanii anayetaka kuacha kwa imani yake ana haki yake, na namheshimu. Ninalolizungumza ni yule ambaye hataki kuacha na anasukumwa.

Wakongwe nao wana la kusikia, na watanivumilia. Wapo wanaokuja na wimbo uliotengenezwa kumfukuzia kijana: kompyuta imeinyoosha sauti mpaka haijulikani ni yao, kolabo ya kulazimisha, maneno ya mtaani wasiyoyatumia. Wimbo kama huo nami nisingeupiga, na umri usingekuwa sababu.

Tunajua pia kuwa kabati hufunguka. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuchukua wimbo wa Saida Karoli wa Kagera, uliokuwa umetamba mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakautengeneza upya, na jina la Saida likarudi midomoni mwa watoto ambao hawakuwapo ulipotoka. Mwaka 2022 wimbo wa 1985 wa mwimbaji Mwingereza Kate Bush ulifika namba moja Uingereza kwa sababu ya tamthilia ya televisheni. Watu hushangilia wakidhani hizi ni habari za wakongwe kurudi. Mimi naona ni kabati lile lile, limefunguliwa na funguo mpya. Kilichorudi ni wimbo wa zamani.

Kuna anayesema: redio imekwisha, aweke nyimbo zake mtandaoni. Huyo hajafika Pemba msimu wa karafuu. Mwaka juzi nilikuwa Wete, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, wanawake wanachambua vikonyo, na redio ndogo imening'inizwa kwenye tawi la mwembe, betri zake zimefungwa kwa mpira. Hawagusi simu, mikono ina kazi. Linalotoka mle ndilo wanalolisikia kutwa nzima. Msikilizaji wa mwimbaji yule aliyekuja na fleshi yake yuko pale, chini ya mwembe. Mimi ndiye niliyekaa baina yao.

Wanafunzi, mtakapopewa kiti kile, ombi langu ni dogo na linatekelezeka kesho asubuhi. Mkipiga wimbo wa zamani wa mtu aliye hai, pigeni na mpya wake baada yake. Dakika tano. Mpigieni simu siku moja kabla mumuulize anafanya nini sasa, mumwache aseme mwenyewe.

Mwenye fleshi ile bado yupo. Wiki iliyopita nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha chai na vitumbua, akaniambia hata hakumbuki, nami najua anakumbuka. Mwanawe amenipa nakala ya wimbo, na mwenyewe ameridhia nije nao. Una dakika sita na kitu, fidla inaanza peke yake. Fundi, tafadhali.