Usiulize kama faili lipo, lifungue tu

Haya jamani tuanze, wa nyuma mnanisikia? Poa. Leo tunaongelea bagi ambayo ukijaribu programu peke yako kwenye laptopu huioni kabisa, inakuja kujitokeza seva ikishapata watu, tena inakuja inapotea, na ukiwasha logi ili uikamate ndo inajificha zaidi. Reisi kondisheni kwenye mafaili, yaani programu mbili zinakimbilia faili moja na matokeo yanategemea nani kawahi.

Chukua kodi ambayo karibu kila mtu humu kashaiona: kama faili halipo, litengeneze. Mstari wa kwanza unauliza, wa pili unafanya. Ukiisoma iko sawa tu, hata mtu wa kuikagua ataipitisha. Sasa shida ipo pale katikati, kerneli, ile roho ya mfumo endeshi, inaweza ikakusimamisha hapohapo ikampa CPU mwingine, huyo mwingine akatengeneza faili lilelile, wewe ukirudishwa bado umeshika jibu la zamani unaendelea nalo kama vile hakuna kilichotokea. Jibu lilikuwa la kweli lilipotolewa, sasa hivi si kweli tena na hakuna wa kukwambia. Ndo maana mi nasema exists, ile ya kuuliza kama faili lipo, ni fanksheni ya kumuonyesha mtumiaji kitu kwenye skrini, si ya kufanyia maamuzi.

Dawa yake ni kuacha kuuliza. Fungua faili kwa O_CREAT pamoja na O_EXCL, hapo unaiambia kerneli itengeneze, na kama lipo ikatae, yote kwa pigo moja. Zikija prosesi kumi kwa pamoja, yaani programu kumi zinazoendeshwa, moja inapata, tisa zinarudishiwa era ya EEXIST, kwamba faili lipo tayari. Kwenye Python ni open yenye modi 'x', ipo toka 3.3. Folda nayo ni hivyohivyo, mkdir inafaulu kwa mmoja tu, kwa hiyo we iite moja kwa moja halafu soma era. Era si aibu jamani, era ndo jibu lenyewe.

Mpaka hapo hasara ni data kuharibika. Kwenye usalama mambo yanakuwa mabaya zaidi, na hili si jipya, Matt Bishop na Michael Dilger walishaliandikia mwaka 1996. Fikiria programu inayoendeshwa kwa nguvu za root, yule mtumiaji mwenye ruhusa zote, lakini inamhudumia mtu wa kawaida, inaita access kuangalia kama huyo mtu anaruhusiwa kuandika faili fulani, inajibiwa ndiyo, halafu inaita open. Katikati ya hizo mbili jamaa anatoa faili lake anaweka simlinki, yaani njia ya mkato ya kwenda faili lingine, yenye jina lilelile inayoelekea /etc/passwd. Ukaguzi ulifanyika kwenye faili lake, uandishi unaangukia kwenye faili la mfumo. Hata manyueli ya access yenyewe inakuonya usiitumie hivyo.

Na msidhani ni mambo ya kizamani. Januari 2022 Rust, lugha inayosifiwa kwa usalama, ilibidi itoe toleo 1.58.1 kwa sababu ya remove_dir_all, fanksheni ya kufuta folda na vyote vilivyomo. Ilikuwa inaangalia kwanza kama kitu ni simlinki, ikiona ni folda inaingia kufuta, na hapo katikati mtu angeweza kubadilisha folda kuwa simlinki, ufutaji ukahamia sehemu nyingine kabisa. Kompaila haiwezi kukuokoa hapo, maana kinachobadilika kiko nje ya programu yako.

Kiini chake ni kwamba jina la faili linaweza kuhamishwa kwenda kitu kingine muda wowote, ila diskripta, ile namba kerneli inayokupa ukifungua faili, ukishaipata haihami. Kwa hiyo fungua kwanza, ukitaka weka O_NOFOLLOW ili ikatae simlinki, halafu maswali yote uliza kwa diskripta: fstat badala ya stat, fchmod badala ya chmod, na ukiwa unashuka ndani ya mafolda tumia openat kutoka folda uliyokwisha kuishika.

Kuhifadhi faili nitapita haraka, wengi mnajua. Andika faili la muda ndani ya folda ileile, fsync ili data ifike diskini, halafu rename juu ya lile la zamani. Msomaji atakuta la zamani zima au jipya zima, nusunusu hakuna. Nasema folda ileile kwa sababu rename haivuki kutoka mfumo mmoja wa mafaili kwenda mwingine, utapigwa era ya EXDEV. Ila rename haizuii prosesi mbili kusoma 5 kwa pamoja kila moja ikaandika 6 wakati ilitakiwa ifike 7, hapo lazima loki, yaani kufuli, mmoja akiishika wengine wasubiri.

Na loki ndo kwenye vituko. Kuna aina mbili, flock na fcntl. Flock ni ya hiari, programu isiyoiomba inaandika tu kama kawaida. Loki za fcntl zina ujinga wake, prosesi ikifunga diskripta yoyote ya faili lile basi loki zake zote pale zimeachiwa, hata kama diskripta hiyo ilifunguliwa na laibrari usiyoijua. Halafu kuna hili la kufuta faili la loki ukimaliza, watu wanapenda usafi. A kashika loki, B kafungua faili lilelile anasubiri. A anafuta faili anaachia. B anapata loki, lakini ya faili ambalo halina jina tena. Anakuja C, anakuta hamna kitu, anatengeneza jipya, anashika loki yake. B na C wote wako ndani, kila mmoja anajiona yuko peke yake! Usilifute, liache pale, halili kitu. Ukilazimika kufuta basi kila anayepata loki afanye fstat na stat alinganishe inodi, ile namba ya faili lenyewe bila kujali jina, zikitofautiana aanze upya.

Kuna swali pale… anauliza utajuaje kodi yako inayo kabla haijafika kwa watumiaji. Lipanue lile pengo makusudi. Linux ina strace, chombo cha kufuatilia programu inachoiomba kerneli, andika strace -e inject=openat:delay_enter=500000 halafu programu yako, kila openat itacheleweshwa nusu sekunde, zikiwemo za kufungua laibrari, kwa hiyo itaanza kwa kujikongoja, ukitaka kuchagua moja tu ongeza when= na namba yake. Washa nakala kama ishirini kwa pamoja, halafu nenda kwenye folda ukaangalie zimeacha nini.