Klabu iliyobeba ubingwa mara 14 mfululizo, leo haipo: naongea kutoka Riga

Haya jamani, mambo! Wakubwa zangu shikamooni. Na nyinyi wa Tanga, kuanzia Chumbageni mpaka Ngamiani, leo video hii ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote, mtaona kwa nini.

Nipo Riga, mji mkuu wa Latvia. Upepo huu mnaousikia unatoka Bahari ya Baltiki, kwa hiyo nikitetemeka mnivumilie. Hebu nigeuze kamera. Mnaona uwanja huo? Unaitwa Skonto. Si mkubwa, unachukua watu elfu nane hivi, ulifunguliwa mwaka 2000. Huko pembeni kuna ukumbi wa ndani, nao unaitwa Skonto. Hata redio ipo hapa inaitwa Redio Skonto. Sasa ukiuliza timu ya Skonto inacheza lini, jibu ni kwamba haichezi tena. Imekufa. Na hiyo timu, ndugu zangu, ilichukua ubingwa wa nchi hii mara 14 mfululizo, tangu 1991 hadi 2004. Mtoto aliyezaliwa ilipoanza kubeba kombe alifika sekondari bila kuona bingwa mwingine.

Nimekaa na habari hii muda mrefu. Kazini kwetu kuna mzee mmoja, fundi umeme, ndiye aliyenianzishia. Siku moja aliona nimevaa jezi ya Arsenal, akaniuliza, "Unamkumbuka Stepanovs?" Mashabiki wa Arsenal wenzangu, mnamkumbuka? Igors Stepanovs, beki wa kati, yule aliyekuwemo tulipopigwa 6-1 na Manchester United Februari 2001. Mimi nilimjua kwa kipigo hicho tu. Yule mzee akaniambia, "Huyo ni mtoto wa Skonto." Akavuta kiti, akaanza kusimulia.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1991 Latvia inajitoa mikononi mwa Muungano wa Kisovieti. Kila kitu kinaanza upya: pesa mpya, bendera ya zamani inapandishwa tena, ligi ya kwao wenyewe. Mwaka huohuo inazaliwa timu iitwayo Forums-Skonto, na baadaye inabaki Skonto peke yake. Nyuma yake yupo mfanyabiashara, Guntis Indriksons. Nchi nzima haina pesa, yeye anazo. Mchezaji mzuri akionekana popote Latvia, anaishia Skonto. Kocha anakuwa Aleksandrs Starkovs, na kwa miaka mingi hao wawili ndio mpira wa nchi hii. Mwaka 1996 Indriksons akawa rais wa shirikisho la soka, na kiti hicho alikikalia hadi 2018. Starkovs naye alifika mahali akawa anafundisha Skonto na timu ya taifa kwa wakati mmoja.

Msidhani walikuwa wababe wa nyumbani tu. Mwaka 1994 kwenye Kombe la UEFA waliitoa Aberdeen ya Scotland: suluhu hapa Riga, wakaenda kule wakapata 1-1, bao la ugenini likawavusha. Mwaka 1997 wakaenda Camp Nou, wenyeji Barcelona wakawashinda 3-2. Tatu kwa mbili, Camp Nou! Marudiano hapa wakafungwa 1-0. Mwaka 1999 Chelsea walikuja Riga wakatoka 0-0, ingawa London walishashinda 3-0.

Halafu wachezaji. Mwaka huo wa 1999 straika wao mdogo wa umbo, Marians Pahars, akauzwa Southampton kwa pauni 800,000. Southampton walikuwa wanachungulia kaburi la kushuka daraja. Siku ya mwisho ya msimu wakacheza na Everton, wakashinda 2-0, mabao yote mawili Pahars. Wakabaki ligi kuu. Yule mzee alipofika hapa alisimama kabisa, akanionyesha kwa miguu bao lilivyofungwa, kati ya ngazi na maboksi ya nyaya.

Na utamu wenyewe ni 2003. Latvia, nchi ambayo leo ina watu chini ya milioni 2, maana yake Dar es Salaam peke yake inaizidi zaidi ya mara mbili, inakwenda Stockholm na kuifunga Sweden 1-0. Mfungaji Māris Verpakovskis, wa Skonto. Inapangiwa mechi za mchujo na Uturuki, ambao mwaka mmoja tu nyuma walikuwa wa tatu Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza ikachezwa hapa, kwenye uwanja huu niliosimama mbele yake: 1-0, Verpakovskis tena. Marudiano Istanbul, Uturuki wakaongoza 2-0, watu wakajua basi. Latvia wakarudisha moja, wakarudisha la pili, na la pili ni la nani? Verpakovskis. Wakafuzu Euro 2004. Hakuna nchi nyingine ya Baltiki iliyowahi kufika huko mpaka leo. Na walipofika Ureno wakatoka 0-0 na Ujerumani.

Yaani klabu moja ilibeba nchi. Na hapo ndipo roho inaponiuma.

Mwaka 2005 ubingwa ukaenda mji wa Liepāja, kwa timu ya Metalurgs. Skonto walirudi kulichukua kombe mara moja tu, 2010, Starkovs akiwa amerejea. Baada ya hapo pesa ikaanza kukata. Madeni, mishahara inachelewa, hadi wakazuiwa kusajili. Vijana waliokuwepo walipigana kiume, msimu wa 2015 wakamaliza nafasi ya pili. Ya pili, na mfukoni hakuna kitu! Msimu uliofuata wakanyimwa leseni ya ligi kuu, wakaanzia daraja la chini, na mwaka 2016 ulipoisha klabu ikawa imefilisika.

Sasa wana Tanga nisikilizeni. Mwaka 2016 mnaukumbuka? Ndio mwaka timu zetu zote tatu, Coastal Union, African Sports na Mgambo, zilishuka daraja kwa mpigo. Marehemu baba yangu alikaa siku mbili hataki kuongea mpira. Coastal yetu ina ubingwa mmoja tu, wa 1988. Mmoja kwa kumi na tano. Lakini Coastal, Wagosi wa Kaya, walishuka wakiwa na watu. Uwanjani Mkwakwani watu walikwenda kuangalia daraja la kwanza, wazee walichanga, kelele zilipigwa vijiweni, na 2018 timu ikarudi ligi kuu. Iliundwa 1948, na ipo.

Nilimuuliza yule mzee: Skonto ilipokufa, watu waliandamana? Walichanga? Akatikisa kichwa. Akasema timu ilikuwa ya bwana mkubwa, watu walikuwa wageni waalikwa. Hapa pia mpira wa magongo wa kwenye barafu ndio kipenzi cha nchi, kwa hiyo majukwaa hayakuwa yanajaa hata enzi za makombe. Na Skonto si peke yao. Metalurgs ya Liepāja ilikufa na kiwanda cha chuma kilichoilisha. Ventspils nao walifungiwa na UEFA mwaka 2021, wakatoweka.

Uwanja huu sasa anautumia Riga FC, na mpinzani wake mkubwa ni RFS, timu nyingine ya hapa Riga. Leo kuna mechi, ndio maana nimekuja. Nilimkatia tiketi yule mzee. Tumefika naye mpaka pale getini, akasoma neno Skonto ukutani, akaniambia, "Mwanangu, nenda wewe. Mimi nitakusubiri kwenye kahawa."

Nimemuacha pale, ng'ambo ya barabara, mnamuona mwenye kofia ya bluu? Kwa heshima yake sisogezi kamera karibu. Tiketi yake ninayo mfukoni. Wacha niingie, mpira unaanza.