Woody Strode: hakuwa steringi, na alikufa kweli

KASSIM: Haya, karibuni tena kwenye kipindi. Mimi Kassim, na mwenzangu Zuhura huyu hapa na kikombe chake.

ZUHURA: Chai ya tangawizi, na simgawii mtu. Wakubwa shikamooni, wengine mambo!

KASSIM: Dada Zuhura, zamani kwenye mabanda ya video sheria ilikuwa moja tu.

ZUHURA: Steringi hafi!

KASSIM: Hafi. Risasi zote zinampita. Sasa leo tuna mtu ambaye karibu kazi zake zote hakuwa steringi, kwa hiyo alikuwa anakufa. Kwenye ile kauboi ya Sergio Leone ya 1968, Once Upon a Time in the West, majina ya mwanzo yameisha tu, naye chali.

ZUHURA: Yule wa matone! Jana usiku nimeirudia mara tatu, mume wangu akanihama sebuleni. Majambazi watatu wanasubiri treni kwenye stesheni ya mbao, jangwani. Hakuna muziki, kinu cha upepo tu kinalia kwii, kwii. Huyu mweusi, mrefu, kipara kinang'aa, amesimama kivulini. Tone la maji linamdondokea utosini. Anatazama juu. Jingine hilo. Wewe si ungesogea?

KASSIM: Ningesogea na matusi juu.

ZUHURA: Yeye anavaa kofia. Matone yanaendelea, maji yanajaa kwenye kofia. Treni inakaribia, ndiyo anaivua taratibu na kuyanywa. Neno hata moja hajasema. Sura ile unaibeba hadi kesho.

KASSIM: Ndiye Woody Strode, mzaliwa wa Los Angeles, 1914. Sinema ilimkuta ukubwani. Alikuwa mwanamichezo wa chuo cha UCLA, timu moja na Kenny Washington na Jackie Robinson. Na mwili ule, bwana! Mchoraji Hubert Stowitts alimchora pamoja na wanamichezo wengine wa Kimarekani, picha zikapelekwa Berlin kwenye Olimpiki ya 1936. Wanazi kuona mle wamo weusi na Wayahudi, wakafunga maonyesho.

ZUHURA: Ya ligi usiiruke.

KASSIM: Siiruki. NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ilikuwa haina mchezaji mweusi hata mmoja tangu msimu wa 1933 ulipoisha. Mwaka 1946 timu ya Rams inahama Cleveland, inataka kutumia uwanja wa Coliseum kule Los Angeles. Uwanja wa umma ule. Waandishi wa magazeti ya weusi wakakomaa: kodi yetu imo humu, hamchezi bila watu wetu. Rams wakamsajili Washington, kisha wakamchukua Strode.

ZUHURA: Mwaka mmoja kabla ya Robinson kuvunja ubaguzi wa rangi kwenye ligi kuu ya besiboli. Robinson huyo kila mtu anamjua.

KASSIM: Na Strode alishagonga miaka 32. Walimchezesha kidogo, msimu ukaisha, wakamwacha. Uzeeni alisema kipindi kile kilikuwa kibaya kuliko vyote maishani mwake.

ZUHURA: Sisi tunamwimbia "wa kwanza, wa kwanza", mwenyewe hataki hata kukumbuka.

KASSIM: Raha aliipata Kanada. Timu ya futiboli ya Calgary, 1948, msimu mzima hawajafungwa. Fainali na Ottawa, Toronto. Mpira ukaanguka, Ottawa wakadhani umekufa, wakasimama. Strode akauokota, huyooo! Calgary wakashinda 12 kwa 7. Halafu mieleka, halafu sinema.

ZUHURA: Sinema zenyewe sasa. Mwongozaji John Ford alimpa uigizaji wa Mkomanchi, yaani Mhindi Mwekundu, 1961, na shujaa wa Kimongolia 1966. Mwongozaji mwingine, Cecil B. DeMille, alishamfanya mfalme wa Ethiopia. Yaani kila mgeni asiyevaa shati, mwiteni Woody!

KASSIM: Lakini Ford huyohuyo alimpa Sergeant Rutledge, 1960. Sajenti mweusi wa jeshi la farasi, kasingiziwa kubaka na kuua. Sinema imebeba cheo na jina la mhusika wake.

ZUHURA: Na kwenye orodha ya waigizaji majina ya wengine yakamtangulia. Mimi nakwambia, yake ni Spartacus, mwaka huohuo. Strode ni Draba, mtumwa anayepiganishwa, ana wavu na mkuki wa meno matatu. Spartacus, yaani Kirk Douglas, ana upanga mfupi. Draba anamshinda, anambana ukutani, mkuki shingoni. Waroma waliolipia pambano wanataka aue. Kamera inabaki usoni kwake. Ananyamaza. Mara anageuka, anawarushia mkuki wao huko juu, anapanda kuwafuata. Mlinzi anamchoma mgongoni.

KASSIM: Kwa hiyo steringi hakufa...

ZUHURA: ...kwa sababu kuna mtu alikubali kufa badala yake. Banda zima tulikuwa tunampigia makofi Kirk Douglas!

KASSIM: Kuna moja wengi hawajaiona. 1968 tena, Italia, ya Valerio Zurlini: Seduto alla sua destra. Strode humo anaitwa Maurice Lalubi, kiongozi wa Kiafrika aliyekamatwa na kuteswa. Ni Lumumba yule, wamebadilisha jina tu.

ZUHURA: Lumumba aliuawa Katanga Januari 1961, ana miaka 35. Strode pale ana zaidi ya 50.

KASSIM: Kweli, umri hauendani. Lakini anabeba sinema nzima, na ilibidi atoke Hollywood ndipo wamwachie.

ZUHURA: Na anakufa.

KASSIM: Anakufa, aisee. Mwenyewe amefariki tarehe 31 Desemba 1994. Mwaka uliofuata ikatoka katuni ya Toy Story. Yule kauboi wao wa kitambaa, Woody, amepewa jina lake.

ZUHURA: Acha! Mwanangu ana shuka ya Woody!

KASSIM: Ndiyo huyo.

ZUHURA: Kampa jina, kauboi mwenyewe wakamchora mzungu... Haya, na yule ndiye steringi. Subiri, leo usiku namwekea mtoto ile ya matone. Dakika kumi za mwanzo tu, kabla hawajaanza kupigana risasi.