Nani Alikaa na Nani: Ugonjwa Unapoingia Darasani

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, nesi, na kama kawaida niko na mwalimu Baraka. Leo tunazungumzia kuwatafuta waliokaa karibu na mwanafunzi mgonjwa. Mwalimu, jana uliniambia kuna jambo bado linakuuma.

BARAKA: Linaniuma, dada. Shule niliyofundisha zamani, mwanafunzi mmoja alikutwa na kifua kikuu. Mwenzangu akaingia darasani na karatasi, akasoma kwa sauti majina manane ya waliokaa naye: "Hawa wabaki, wanakwenda kupimwa." Kufika mapumziko, binti aliyetajwa wa kwanza alishapewa jina la "Kifua". Wala hakuwa yeye mgonjwa! Wiki nzima hakuonekana shuleni. Na wazazi wawili wa wale wanane wakakataa katakata watoto wao wasipimwe.

ZUHURA: Inauma zaidi kwa sababu kwa kifua kikuu hakukuwa na haja ya pupa ile. Vimelea vyake husafiri kwenye hewa ya chumba, na kwa kawaida mtu huambukizwa baada ya kukaa na mgonjwa saa nyingi, siku nyingi. Kuazimana penseli au kunywea kikombe kimoja hakukuambukizi. Kwa hiyo unaanza na waliolala naye bweni moja na waliokaa naye chumba kimoja kila siku. Halafu kuna suala la kipimo. Mwili huchukua wiki mbili hadi nane kabla kipimo cha ngozi hakijaonyesha chochote.

BARAKA: Kwa hiyo ukimpima mtoto leo ukaambiwa hana…

ZUHURA: Hujamaliza. Unampima tena baada ya wiki nane hadi kumi tangu alipokuwa na mgonjwa mara ya mwisho. Hapa ndipo wazazi wengi wanapotupotea, kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Wanaona "hana" ya kwanza, wanafunga ukurasa. Na yule ambaye kipimo kimeonyesha ana vimelea, lakini picha ya kifua ni safi na hana dalili, huyo haambukizi mtu. Anapewa dawa za kinga na anaendelea kukaa darasani.

BARAKA: Mbona sisi tulikuwa tunawatenga?

ZUHURA: Hofu, mwalimu. Na kuna lingine. Mtoto mdogo mwenye kifua kikuu ni nadra kumwambukiza mwenzake, kwa sababu hana nguvu za kukohoa vimelea vingi. Ukimkuta anaumwa, jiulize ni mtu mzima gani aliyemwambukiza. Lakini sisi tunawapanga watoto mstari wa kupimwa, huku mtu mzima anayekohoa kwa mwezi wa pili sasa anaendelea kushika chaki.

BARAKA: Na surua je? Maana huko nasikia hakuna kusubiri.

ZUHURA: Surua ni mbio. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Kati ya watu kumi wasio na kinga waliokuwa karibu naye, tisa wanaweza kuambukizwa. Usihesabu jirani wa dawati peke yake. Aliyeingia dakika chache kuchukua viti naye yumo. Na mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla vipele havijatoka, mtu akidhani ni mafua tu.

BARAKA: Siku nne! Yaani paredi, maktaba, basi la shule, kote alishapita.

ZUHURA: Kote. Asiye na chanjo akichanjwa ndani ya saa 72 tangu alipokutana na mgonjwa, kuna nafasi ya kumkinga. Asiyechanjwa huenda akalazimika kukaa nyumbani hadi siku 21. Sasa fikiria saa hizo zinaliwa na kazi ya kutafuta kadi za kliniki kwa simu, mzazi mmoja mmoja. Rekodi za chanjo ziwe ofisini tangu siku mtoto anaandikishwa.

BARAKA: Mimi nilichojifunza ni kutoliamini daftari la mahudhurio. Mara nyingine mtoto alipougua, lilisema anakaa mstari wa mbele. Nikakaa naye pembeni, nikachora darasa kwenye karatasi, nikampa penseli: "Jana baada ya kengele ya kwanza ulikaa wapi?" Akaweka alama nyuma kabisa, dirishani. Dawati lake lilivunjika mguu wiki mbili nyuma, akahamia kule, wakabanana watatu. Daftari lingejuaje? Nikamuuliza na kuhusu basi, anakaa na nani kwenda na kurudi. Majina mawili yakaongezeka, ya darasa jingine.

ZUHURA: Hiyo karatasi ingewasaidia wengi wakati wa UVIKO-19. Nchi nyingi zilihesabu mtu wa karibu kuwa aliyekaa na mgonjwa dakika 15 au zaidi, umbali usiofika mita mbili. Mwanzoni wote hao walirudishwa nyumbani, hata wazima. Mwaka 2021 huko Uingereza wakajaribu njia nyingine katika takribani shule 200: baadhi ziliwaweka watu wa karibu nyumbani siku kumi, nyingine zikawapima kila siku kwa kipimo cha haraka na asiye na maambukizi akaingia darasani. Maambukizi hayakutofautiana sana.

BARAKA: Na asiye na maambukizi hakulazimika kukosa masomo.

ZUHURA: Ila ni kila siku, mwalimu. Kipimo cha haraka huweza kumkosa mtu aliyeambukizwa juzi. Cha asubuhi ya leo hakitoshi kwa keshokutwa.

BARAKA: Na taarifa? Siku hizi barua ni moja kwa wazazi wote wa darasa, bila jina la mgonjwa. Wale wa karibu mzazi anapigiwa simu, mmoja mmoja. Orodha inakaa kwenye droo yenye kufuli.

ZUHURA: Yule binti alirudi?

BARAKA: Alirudi. Nilikwenda kwao kumwombea arudi. Mama yake alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, wakati jina la mwanangu linasomwa, nawe ulikuwepo?" Nikamwambia nilikuwepo, mama. Nilisimama mlangoni, sikusema neno.