Nani Alikuwa Anamlipa Yule Kijana wa Ghorofani?

Asanteni, asanteni sana, kaeni basi, wale wa nyuma sogeeni huku mbele viti vipo. Mi leo sina mambo mengi, nataka niwasimulie habari ya kijana mmoja tu, maana huyu kijana ananiuma mpaka leo na wala sikuwahi kukutana naye.

Anaitwa Wu Yongning, Mchina wa mkoa wa Hunan, miaka 26. Mwanzo alikuwa anaigiza zile nafasi ndogo ndogo kwenye filamu, zile za kupita nyuma ya staa, na mwili wa mazoezi alikuwa nao kwelikweli. Baadae akaingia kwenye kupanda maghorofa, hana kamba, hana neti chini, ananing'inia pembeni ya jengo anajirekodi anaposti, watu wakampenda mno, folowazi wakafika kama milioni moja hivi.

Sasa nielewane na nyie hapo. Ukianza na ukuta wa nyumba watu wanashtuka, wiki ya pili wameshazoea, wanakuambia mbona ile ya juzi, tupe mpya. Kwahiyo lazima upande zaidi, na ukishapanda zaidi huwezi kushuka tena, nani ataangalia mtu anayerudi kwenye ukuta mfupi? Ndo maana mi nasema hatari ya hii kitu inaanzia kwenye kuzoea kwetu sisi tunaoangalia.

Tarehe 8 Novemba 2017, mji wa Changsha, jengo la ghorofa 62. Kaweka kamera yake vizuri, kashuka kwenye ukingo, kaning'inia kwa mikono, kajivuta juu mara mbili kama mtu yuko jimu. Halafu akataka kupanda arudi. Miguu inatafuta pa kukanyaga pale ukutani, panateleza, anajaribu tena panateleza, mikono nayo imeshachoka, na kamera inaendelea kurekodi tu. Basi. Folowazi wake walikaa kama mwezi mzima bila kujua, wanasubiri klipu mpya.

Jamaa zake walisema kuna zawadi ya yuani laki moja alikuwa anaifukuzia, na hela yenyewe aitumie kwa harusi yake na matibabu ya mama yake mgonjwa. Naomba hapo tutulie kidogo. Maana habari kama hii ikifika huku kwetu komenti ya kwanza ni "kajitakia", ya pili "kiki zimemponza", tunafunga tunaenda kula. Jamani yule alikuwa kazini! Kazi ya hatari kuliko ya fundi wa jukwaani kwenye majengo, na fundi angalau ana bosi wa kumwambia vaa mkanda, huyu bosi wake alikuwa ni laiki.

Mama yake alienda mahakamani, Beijing, akaishitaki mojawapo ya zile programu alizokuwa anaposti, inaitwa Huajiao. Ikaja kuonekana kama miezi miwili hivi kabla hajafa hao jamaa walimlipa yuani 2,000 awatangazie programu yao. Yaani walikuwa wanamjua, wanajua anachofanya, wanakula nacho. Mwaka 2019 mahakama ikasema mwenye kosa kubwa ni marehemu mwenyewe ila kampuni nayo ina sehemu yake, imlipe mama yuani 30,000. Mi nimeipenda ile hukumu kwa kitu kimoja, imetamka wazi kwamba anayenufaika na hatari ya mtu ana deni. Kiasi chenyewe mtajua wenyewe mtakisemaje, mi kinanikata maini.

Na sisi je? Ile programu haijui ghorofa ni nini wala kifo ni nini, inahesabu tu umeangalia sekunde ngapi, umerudia, umemtumia rafiki, umekomenti. Hata ukiandika "we mjinga utakufa" kwake hiyo ni komenti, inampeleka kwa watu wengine zaidi. Kwahiyo wewe unayemgombeza unamsukuma vilevile.

Mtu ataniambia hayo ya Uchina, sisi hatuna maghorofa 62. Haya. Watafiti wa India walikusanya habari za magazeti za vifo vya watu waliokuwa wanapiga selfi, kuanzia Oktoba 2011 mpaka Novemba 2017, wakapata 259, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa vijana wa miaka ya ishirini. Na kilichoongoza kuua kilikuwa maji. Kuzama tu! Kwenye mawe ya ufukweni, mtoni, ndani ya boti, sehemu ambazo nyie mnaenda kila jumapili. Kanada nako, Julai 2018, vijana watatu waliokuwa maarufu kwa video zao za safari walikufa pamoja kwenye maporomoko ya Shannon, mmoja aliteleza, wenzake wawili wakajaribu kumwokoa, wakaondoka wote.

Nimalizie na la nyumbani kwangu. Mtoto wa dada yangu anaendesha bodaboda. Siku moja kanionyesha klipu, kanyanyua tairi la mbele, pikipiki inakimbia, watu wanashangilia pembeni. Mi nikacheka, nikamwambia we kijana umetisha, nikaituma kwenye grupu la familia. Haikupita wiki mbili kajaribu kusimama juu ya siti kaachia mikono. Mkono ukavunjika sehemu mbili, Mungu kasaidia kichwa kipo. Nimeenda kumwona hospitali nimejiandaa na maneno yangu, nimeanza kumsema, akaniangalia akaniambia, "Mjomba, si ile ya kwanza uliipenda?"

Sikuwa na jibu. Haya, mwenye swali anyooshe mkono.