Kutoka bibo hadi asidi ya laktiki: jenga modeli ya uchachushaji kwenye Excel

Karibuni. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Newala hadi Ruangwa chini ya mikorosho panageuka njano na nyekundu. Korosho inanyofolewa, bibo linaachwa hapo hapo, na kesho yake limeshaanza kuchacha. Wengi wanaolikamua wanataka uraka, yaani pombe ya bibo. Sisi leo tunataka bakteria waichukue sukari ya bibo na kuigeuza asidi ya laktiki. Kabla ya kulowesha mikono, tunaijenga kazi yote kwenye Excel, ili tujue pipa litatoa nini na baada ya saa ngapi.

Kwanza shika hesabu hii. Molekuli 1 ya glukosi yenye uzito wa 180 inatoa molekuli 2 za asidi zenye uzito wa 90 kila moja. Maana yake, gramu 1 ya sukari haizai zaidi ya gramu 1 ya asidi. Jedwali likikupa zaidi, umekosea fomula. Fruktosi nayo ni hivyo hivyo, na juisi ya bibo ina zote mbili. Hesabu hiyo inawahusu bakteria kama Lacticaseibacillus casei. Wapo wengine ambao nusu ya sukari wanaipeleka kwenye pombe na hewa ukaa, kwa hiyo usichukue bakteria yeyote tu.

Fungua ukurasa mpya. Kwenye safu A andika majina, safu B namba, kuanzia mstari wa 1. B1 ni kasi ya juu ya kukua, weka 0.4 kwa saa. B2 ni kiwango cha sukari ambapo kasi inashuka hadi nusu, weka 2. B3 ni asidi inayosimamisha ukuaji, weka 60. B4 ni asidi inayotoka kila bakteria wanapoongezeka, weka 5. B5 ni asidi wanayotoa hata wasipoongezeka, weka 0.1. B6 ni mavuno, yaani gramu za asidi kwa kila gramu ya sukari iliyoliwa, weka 0.9. B7 ni urefu wa hatua, weka 0.1, yaani dakika 6. Hizi ni namba za kuanzia tu. Zako utazipata kwenye vipimo vyako.

B4 na B5 ndizo roho ya modeli. Watafiti Luedeking na Piret walizionyesha mwaka 1959 kwa bakteria wa jamii hii: sehemu ya asidi inafuata ukuaji, sehemu inafuata wingi wa bakteria waliopo. Ukiweka ya kwanza peke yake, asidi itasimama bakteria wakiacha kukua, wakati kwenye chupa inaendelea kupanda.

Mstari wa 10 andika vichwa: muda, bakteria, sukari, asidi, kasi ya kukua, kasi ya asidi. Mstari wa 11 weka 0, 0.1, 50, 0. Vipimo ni gramu kwa lita. Kwa nini 50? Juisi mbichi huwa na sukari karibu gramu 100 kwa lita, nasi tumeizimua nusu kwa nusu na maji.

Sasa fomula, taratibu.

E11: =$B$1*C11/($B$2+C11)*MAX(0,1-D11/$B$3)

F11: =($B$4*E11+$B$5*C11/($B$2+C11))*B11

A12: =A11+$B$7

B12: =B11+$B$7*E11*B11

C12: =C11-$B$7*F11/$B$6

D12: =D11+$B$7*F11

Kompyuta nyingine zinataka nukta-mkato badala ya mkato ndani ya MAX. Vuta E na F hadi mstari wa 12, kisha mstari wote wa 12 uuvute hadi wa 251. Hizo ni saa 24. Hakiki mstari wa 12: bakteria 0.1038, sukari 49.9776, asidi 0.0202. Zikitofautiana, mara nyingi umesahau alama ya dola.

Chora grafu. Sukari inashuka polepole, kisha inaporomoka, na asidi inasimama karibu na 45.

Sasa tuivunje makusudi. Badilisha B7 iwe 1. Umeona? Mwishoni sukari inazama chini ya sifuri, kwa sababu katika saa nzima bakteria wanahesabiwa kula zaidi ya kilichobaki. Hata 0.5 inadokoa kidogo chini ya sifuri. Rudisha 0.1. Kisha weka sukari 100 pale C11. Asidi ikikaribia 60 mstari unapinda na kwenda kichovu. Ukiondoa ile MAX, asidi ikipita 60 kasi inakuwa hasi na bakteria wanaanza kupungua bila sababu.

Hiyo 60 inafaa ukiwa unapunguza makali ya asidi kwa chokaa au kostiki. Usipopunguza, juisi inakuwa kali mno na bakteria wanasimama mapema sana, kwa hiyo B3 iwe ndogo, kwa mfano 15.

Tuje kwenye chupa. Juisi ya bibo ina ukakasi. Ukakasi huo ugandishe kwa jelatini, acha utuame, chuja. Ina protini kidogo, kwa hiyo ongeza dondoo la hamira gramu 5 kwa lita. Pasha nyuzi 80 kwa dakika 15, ipoe hadi 37, ndipo uweke bakteria. Ukiruka kupasha, chachu za porini zinatangulia na unapata uraka. Dalili zake kwenye namba ni hizi: sukari inashuka vizuri, asidi haipandi. Usiirekebishe modeli, mwaga hiyo juisi.

Kupima ndiko wengi wanakoharibu. Kipima-nuru cha sukari, kile cha Briksi, kinasoma kila kilichoyeyuka, na asidi yenyewe imo. Kitakuambia sukari ipo wakati imeshaliwa. Tumia dawa ya Fehling. Na asidi? Ukiwa umeweka chokaa (kalsiamu kaboneti), titresheni, yaani kupima asidi kwa kudondoshea kostiki, inaona asidi iliyo huru tu. Iliyokwisha shikwa na chokaa haionekani. Njia safi ni kushikilia pH 6 kwa kostiki (sodiamu hidroksidi) ya molari 5 na kuandika kila mililita inayoingia baada ya kuweka bakteria. Mililita 1 ni gramu 0.45 za asidi. Ile kostiki ya kwanza, ya kuifikisha juisi kwenye 6, usiihesabu: hiyo ni asidi ya bibo lenyewe.

Andika vipimo vya asidi vya kila saa 2 kwenye safu H, kila kimoja kwenye mstari wa saa yake, pembeni yake tofauti na modeli, uzidishe tofauti hiyo yenyewe kwa yenyewe, ujumlishe. Fungua Solver, zana ya Excel inayotafuta namba zinazofaa, iambie ipunguze jumla hiyo kwa kubadilisha B1, B4 na B5 tu. Chagua njia isiyo ya mstari ulionyooka (GRG Nonlinear). Ukiiachia namba zote sita, itakupa mkunjo mzuri wenye namba za ajabu.

Ukihamia pipa la lita 20, modeli inasema gramu 900 za asidi. Kostiki ni ghali, tumia kalsiamu kaboneti: gramu 100 zinashika asidi gramu 180, kwa hiyo andaa gramu 500. Weka kidogo kidogo, na kifuniko kiache wazi kidogo, maana inatoa hewa ukaa na pipa lililobanwa litapasuka.